Nikihama programu ya kurekodi, sauti yangu itabadilika?

*"Mwalimu, habari za kazi. Ninarekodi nyimbo chumbani kwangu kwa miaka 6 sasa. Napiga gitaa na kuimba, na waitikiaji wote wa nyuma ni mimi mwenyewe, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kufika traki 16. Muda wote huo nimetumia programu ya kurekodi ya Audacity. Nina laptopu ya Windows yenye RAM ya GB 8, intafesi ya maingizo mawili (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta) na maiki ya kondensa. Shida zangu ni tatu. Kwanza, nikiimba najisikia kwenye hedifoni nimechelewa, kama kuna mtu ananiigiza. Pili, sauti yangu inatoka kama niko ndani ya debe, wakati ya rafiki yangu ni safi. Tatu, nikishaweka mwangwi na madoido mengine, kesho yake siwezi kuyatoa. Rafiki yangu anasema dawa ni kuhamia Pro Tools, kwa kuwa ndiyo inayotumika studio kubwa na sauti yake ni nene zaidi. Nina nyimbo 9 ambazo hazijaisha na naogopa kuzipoteza. Nihamie wapi, na nihameje?"*

Salama, ndugu yangu. Umeniletea shida tatu kwenye swali moja, na kila moja ina chanzo chake. Ya kwanza inahusu programu kwa sehemu tu. Ya pili haihusu programu hata kidogo. Ya tatu ndiyo ya programu hasa, na hiyo peke yake inatosha kukuhamisha. Nakuambia mapema ili usije ukafungua programu mpya kwa hamu, ukaimba, ukakuta debe lile lile linakusubiri.

Nianze na hilo la "sauti nene", maana limewapotezea watu wengi muda. Ndani ya kompyuta sauti ni namba. Kwa kasi ya kawaida ya 44,100, kila sekunde ya traki yako ni namba 44,100 zilizopangwa moja baada ya nyingine, na kila namba huitwa sampuli. Kuchanganya traki mbili ni kujumlisha namba ya hii na namba ya ile, basi. Pro Tools inajumlisha, Audacity inajumlisha, na mbili na mbili ni nne kote. Huna haja ya kuniamini mimi, jipimie. Chukua traki mbili au tatu za WAV (faili za sauti isiyobanwa), ziingize kwenye programu zote mbili bila madoido yoyote, vitelezi vyote kwenye sifuri, kila traki katikati. Toa faili moja ya mchanganyiko kutoka kila programu. Sasa ingiza faili hizo mbili kwenye projekti moja, zianzie mahali pamoja kabisa, kisha geuza wimbi la mojawapo juu chini. Ukibonyeza kucheza utasikia kimya, au mabaki hafifu yasiyofikia sikio, kwa sababu kilichomo kwenye faili ya kwanza kimefutwa na kilichomo kwenye ya pili.

Ikibaki sauti unayoisikia, usiseme umeipata siri ya unene. Mara nyingi ni kiwango tu: programu moja hushusha traki iliyo katikati kwa desibeli 3, nyingine haishushi kabisa, na jambo hilo hubadilishwa kwenye mipangilio. Sikio letu nalo lina udhaifu wake: likisikia kitu kile kile kimeongezwa sauti kidogo tu, linasema hiki ni kizuri zaidi. Wengi wa wanaoapa kwamba programu yao ina sauti nene wanalinganisha kikubwa na kidogo bila kujua.

Hata hivyo rafiki yako hajakosea yote. Programu hutofautiana kwa vifaa vilivyomo ndani yake: visawazishi vya sauti, vibanaji (vinavyopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo), mwangwi. Mwangwi mbaya ni mbaya. Lakini vifaa hivyo kwa sehemu kubwa vinapatikana pia kama plagini za kuongeza, na nyingi hazikufungi kwenye programu moja.

Sasa huyo mtu anayekuigiza kwenye hedifoni. Sauti ikiingia kwenye maiki, intafesi inaigeuza kuwa namba. Kompyuta haizipokei namba hizo moja moja. Inasubiri zijae fungu, ndipo inazichukua. Fungu hilo ndilo bafa. Bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya 44,100 inachukua milisekunde 11.6 kujaa tu. Wakati wa kutoka kuna bafa nyingine, kwa hiyo zidisha kwa mbili, ongeza kidogo kinachotumiwa na intafesi yenyewe, na tayari uko kwenye milisekunde 25 hivi. Ukishusha bafa hadi 128, kila upande unakuwa milisekunde 2.9. Mpiga gitaa huvumilia milisekunde 10 bila kunung'unika. Ni umbali wa kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Mwimbaji havumilii hivyo. Sauti yake inamfikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, kisha ile ya hedifoni inakuja nyuma yake. Zikikutana, sehemu fulani za sauti zinafutana, na unajisikia kama unaimbia ndani ya bomba hata kabla hujagundua kwamba kuna kuchelewa.

Hapa programu ina mchango wake. Kwenye Windows sauti ina njia kadhaa za kupita. MME ni ya zamani na ni ya polepole. ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg wenye programu ya kurekodi ya Cubase, inaruka mitambo ya sauti ya Windows na kuzungumza na intafesi moja kwa moja. Kwa miaka mingi Audacity imekuwa ikitolewa bila ASIO kwa sababu ya masharti ya leseni, na haikuundwa ili mwimbaji ajisikilize kupitia madoido wakati anarekodi. Ukihamia programu inayotumia ASIO, ukaweka draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya mtengenezaji wa intafesi yako na bafa ya 128, utaona tofauti.

Lakini kuna dawa usiyohitaji kuhamia popote. Tazama uso wa intafesi yako. Nyingi zina kitufe au kirungu kinachopeleka sauti ya maiki kwenye hedifoni moja kwa moja, bila kupitia kompyuta kabisa. Kiwashe, kisha zima ile sehemu ya programu inayokurudishia sauti yako unaporekodi. Usipoizima utajisikia mara mbili. Kuchelewa kutakwisha hapo hapo. Hasara yake ni kwamba utajisikia mkavu, bila mwangwi. Wapo waimbaji wasioweza kuimba hivyo, na siwalaumu.

Hukusema hedifoni zako ni za waya au za Bluetooth. Kama ni za Bluetooth, ziweke pembeni wakati wa kurekodi. Ucheleweshaji wake kwa kawaida unapita milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa bafa utakaoufuta.

Usichanganye hilo na jambo jingine linalofanana nalo: traki mpya kukaa nyuma ya zile za zamani baada ya kurekodi. Programu inatakiwa ijue ucheleweshaji wa mzunguko mzima na kuirudisha traki mbele kwa kiasi hicho. Ikikosea, waitikiaji wako wote wanalegea kidogo nyuma ya gitaa, nawe unadhani huna mapigo. Tengeneza traki yenye milio ya metronomu. Bandika sikio moja la hedifoni kwenye maiki, cheza, na urekodi milio hiyo kwenye traki ya pili. Kuza picha ya mawimbi hadi uone mlio mmoja wa juu na mwenzake wa chini. Vilele vikisimama mstari mmoja, uko salama. Wa chini ukiwa umesogea kulia, pima umbali huo kwa milisekunde na uuingize kwenye mpangilio wa kufidia ucheleweshaji. Fanya kipimo hiki kwenye Audacity leo, na ukifanye tena kwenye programu yoyote utakayohamia.

Kuhusu debe nitasema kwa ufupi, maana ni chumba chako kinachosema. Sauti inatoka mdomoni, inagonga ukuta mtupu, dari na meza, kisha inarudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo, inajichanganya na ile ya kwanza, na kuivimbisha sehemu ya kati ya chini, hasa kati ya hezi 300 na 600. Povu jembamba la sentimita mbili halitakusaidia sana hapo. Wimbi la hezi 300 lina urefu wa zaidi ya mita moja, linapita kwenye povu hilo bila kuhisi kitu. Kosa la pili ni kuweka kinga zote nyuma ya maiki. Kama maiki yako ni ya kupokea mbele, mgongo wake tayari ni kiziwi. Upande unaousikia ni ule ulio nyuma yako wewe unayeimba. Tundika blanketi nzito mgongoni mwako, iachane na ukuta kwa sentimita kadhaa, ondoka kwenye meza, simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Rekodi ubeti mmoja kabla na mmoja baada. Ukitaka kufanya jambo moja tu katika yote niliyoandika hapa, fanya hili.

Tumefika kwenye shida ya tatu. Ukichagua doido kwenye menyu ya Audacity na kulitekeleza, programu inaliandika upya wimbi lenyewe. Unaweza kurudi nyuma wakati projekti iko wazi, lakini ukiifunga, historia hiyo inapotea. Ndiyo maana kesho yake huwezi kuutoa mwangwi. Programu nyingi za traki nyingi zinafanya kinyume: wimbi linabaki kama lilivyorekodiwa, na madoido yanahesabiwa upya kila unapobonyeza kucheza. Haki isemwe lakini: tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, Audacity nayo inaweza kuweka madoido ya namna hiyo kwenye traki. Kwa hiyo angalia kwanza unatumia toleo gani. Kama ni la zamani, kusasisha tu kunaweza kukupunguzia nusu ya hasira.

Kwa nini basi bado nakushauri uhame? Ni hao waitikiaji. Mtu anayeimba sauti kumi za nyuma anahitaji kuzikusanya kwenye kikundi kimoja, chenye kitelezi kimoja, kibanaji kimoja na mwangwi mmoja. Ukitaka kuwashusha wote kwenye ubeti wa pili, unagusa mahali pamoja. Matoleo ya 3 ya Audacity hayana vikundi vya aina hiyo, hivyo unabeba kila traki na mwangwi wake. Kwa laptopu yako hilo ni zito pia: mwangwi mmoja unaotumiwa na traki kumi unakula nguvu kidogo sana kuliko miangwi kumi. RAM ya GB 8 isikutishe. Traki za sauti hazina njaa ya RAM. Wenye njaa ni ala za kompyuta zinazopakia rekodi fupi za piano au okestra, na wewe huna hizo.

Pro Tools si mbaya. Ilianza mwaka 1991 chini ya Digidesign, na nguvu yake kubwa ni kwamba studio nyingi zinaweza kupokeana projekti bila kubadilisha kitu. Wewe humpelekei mtu projekti. Toleo lake la bure, lililotoka 2022, lina kikomo cha traki 8 za sauti, nusu ya unachohitaji, na Pro Tools inakubali plagini za aina ya AAX pekee. Ningekuambia uichague kama ungekuwa unajiandaa kwa ajira ya studio. FL Studio ni hodari kwa anayeanza wimbo kwa biti, lakini toleo lake la chini kabisa kwa miaka mingi halikuwa la kurekodia sauti, na la majaribio haliruhusu kuifungua tena projekti uliyohifadhi. Logic na GarageBand ni za kompyuta za Apple tu. Cubase ni ya siku nyingi na ni imara. Kabla hujanunua chochote, tafuta karatasi zilizokuja na intafesi yako, maana intafesi nyingi huja na leseni ya toleo dogo la Cubase, Ableton Live au nyingine.

Kwa hali uliyonieleza, mimi ningeanza na Reaper. Iliasisiwa na Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp, programu ya kuchezea muziki. Ni nyepesi, inatumia ASIO na plagini za VST (aina inayokubaliwa na programu nyingi), haina kikomo cha traki, na unaweza kuijaribu siku 60 ikiwa kamili. Ubaya wake nao nausema: sura yake ni kavu, haiji na ala za maana, na ina mipangilio mingi kiasi cha kumpoteza mgeni. Wiki ya kwanza utaitukana. Usiguse mipangilio, jifunze kurekodi, kukata, kukunja traki kwenye folda na kutoa wimbo, basi.

Sasa nyimbo zako 9. Projekti ya programu moja kwa kawaida haifunguki kwenye nyingine. Zipo njia za kubebeana, kama AAF na OMF, na tangu 2023 kuna DAWproject iliyoletwa na kampuni za Bitwig na PreSonus, lakini hazitakusaidia kutoka Audacity. Njia yako ni ya zamani na ni ya uhakika: kila traki iwe faili yake ya WAV.

Kwa kuwa umeanza miaka 6 iliyopita, utakuta projekti za aina mbili. Kabla ya toleo la 3.0 la mwaka 2021, Audacity ilihifadhi faili ya .aup pamoja na folda yenye vipande vingi vidogo vya sauti. Ukiwa na faili bila folda hiyo, huna kitu. Tangu 3.0 kila kitu kimo ndani ya faili moja ya .aup3. Fungua zile za zamani kwenye toleo jipya, zihifadhi upya, na nakili zote kwenye diski ya nje kabla hujagusa chochote.

Kisha, wimbo kwa wimbo, weka mlio mfupi mwanzoni kabisa mwa kila traki, sekunde kadhaa kabla ya muziki, wote mahali pamoja. Programu nyingine hukata ukimya wa mwanzo zinapotoa faili, na ghafla muitikiaji wa kiitikio anaanza kuimba tangu ubeti wa kwanza. Ukiwa na mlio huo, utakapoingiza faili kwenye programu mpya utazisogeza hadi vilele vya milio vilingane, na wimbo wote utakuwa umejipanga. Toa faili kwa biti 24 au 32 za desimali (ndiyo ukubwa wa kila namba), traki za mono, yaani za njia moja, zibaki mono, na usitumie MP3. Dakika moja ya traki ya mono kwa biti 24 ni MB 8 hivi, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye traki 16 utakaribia MB 510. Hakikisha nafasi ipo.

Projekti mpya iwe na kasi ile ile ya sampuli. Programu nyingi hubadilisha zenyewe, lakini faili ya 44,100 ikichezwa kama ya 48,000 inakimbia kwa karibu asilimia 9, na sauti yako inapanda zaidi ya nusutoni moja. Ukijisikia umekuwa mtoto, ujue sababu. Andika pia tempo (kasi ya mapigo) ya kila wimbo kabla hujaondoka, la sivyo programu mpya itakuwekea 120 na mistari ya gridi haitalingana na kitu.

Traki zilizokwisha kuchomwa mwangwi ndani ndizo habari mbaya. Zipo plagini zinazopunguza mwangwi, lakini zinaacha makovu, hasa kwenye sauti ya kuongoza. Kama una nakala kavu mahali popote, tumia hiyo. Kama huna, waitikiaji wa mbali waache walivyo, wala hakuna atakayejua, lakini sauti ya kuongoza iimbe upya, safari hii ukiwa na blanketi mgongoni. Wala usihamishe nyimbo zote 9. Ule uliobakiza kumiksi tu umalizie ulipo. Hamisha mmoja mwepesi, ufikishe mwisho kwenye programu mpya, ndipo uamue kuhusu zilizobaki. Na hata baada ya hapo, tunza zile WAV milele. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kusitisha utengenezaji wa programu ya kurekodi ya Cakewalk Sonar, watu wakabaki wanatazamana. Kampuni ya BandLab iliokoa programu hiyo mwaka uliofuata, lakini wenye WAV hawakuhitaji kusubiri kuokolewa.

Kuna mahali ambapo maandishi hayatoshi. Ukipandisha bafa hadi 1024 na bado sauti inakatika na kupasuka, au kuna mngurumo usiokwisha hata ukibadilisha nyaya, mtafute fundi wa sauti aketi mbele ya laptopu hiyo. Mara nyingi ni draiva ya kifaa kingine, mipangilio ya kuokoa umeme, au hitilafu ya umeme wenyewe, na kwa umeme usijifanye fundi. Masikio yakilia baada ya kuvaa hedifoni, punguza sauti mara moja, na mlio usipoisha muone daktari wa masikio. Na wimbo unaotaka kuutoa kwa watu, mpe mtu mwingine mwenye chumba kizuri ausikilize hata kwa nusu saa kabla hujaufunga. Mpelekee WAV zako kavu pamoja na mchanganyiko wako, asikie ulichokusudia.